Naomba ushauri: fundi anataka kukata chujio la masizi kwenye gari langu la dizeli

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Dar, nina gari la dizeli la mwaka 2014, nililiagiza Japani. Wiki ya tatu sasa taa ya DPF (yaani hilo chujio la masizi ya moshi) imewaka na gari halina nguvu, kilima kidogo tu linagoma. Fundi kapima kwa mashine, anasema chujio limejaa masizi. Anataka alikate, abakize ganda tupu, kisha achezee kompyuta ya gari ili taa izime.

Bei yake ni nafuu kuliko chujio jipya, sikatai. Ila mwanangu wa miaka sita ana pumu, na kila asubuhi husimama nyuma ya gari na begi lake akinisubiri niwashe. Jirani yangu alikata la kwake. Ukipitisha kidole kwenye bomba la ekzosi kinatoka cheusi tii. Moshi wa dizeli ndio ambao mwaka 2012 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani ilitangaza kuwa unasababisha saratani. Na mwaka 2015 Volkswagen walipokiri kuweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi kwenye magari kama milioni 11, niliwalaumu sana. Leo nifanye yaleyale?

Kuna aliyewahi kusafishiwa chujio bila kulikata, likadumu? Nasikia safari ndefu ya mwendo mmoja huchoma masizi, lakini mimi kila siku ni foleni za Mbagala hadi Posta. Nikilipeleka Morogoro na kurudi itasaidia, au nimeshachelewa?