Simba mwenye nyuso mbili: gumzo la familia ya Kamalondo

*Jumamosi jioni*

Mujinga, 18:04
Habari za jioni, wazazi na ndugu. Shule ya Keren itafunga mwaka kwa mchezo wa nyimbo na wanyama, naye amepewa nafasi ya twiga. Kila mzazi ameombwa atengeneze kinyago nyumbani kwa boksi. Nimekumbuka kwamba Mama na wakubwa zangu, Yaya Deo na Yaya Solange, waliwahi kuona onyesho la simba, The Lion King, kule Johannesburg, ambamo twiga walikuwa watu. Naomba mnieleze walivyokuwa wametengenezwa, kwa sababu mimi nilikuwa na miaka kumi na niliachwa Lubumbashi na Baba.

Yaya Solange, 18:11
Uliachwa ukilia siku mbili, na uliporudishiwa fulana yenye picha ya simba ulikataa kuivaa. Hilo halijasahaulika hapa nyumbani.

Yaya Deo (Johannesburg), 18:26
Nawasalimu wote. Twiga ni mtu mmoja aliye juu ya mironjo minne: miwili imefungwa miguuni, miwili iko mikononi, naye ameinama mbele kama anayetaka kunywa maji. Shingo inaanzia juu ya kichwa chake na kupanda kama kofia ndefu mno, na kichwa cha mnyama kiko huko juu kabisa. Uso wa mtu haukufunikwa. Ukitazama unaona twiga, kisha unamwona kijana anayetokwa na jasho, kisha twiga tena. Mironjo usijaribu kwa mtoto wa miaka saba. Kofia na shingo ya boksi vinatosha.

Mjomba (Likasi), 18:33
Deo, katika miaka yote hii hujawahi kutueleza ulipata wapi fedha za tiketi tatu. Mwaka ule ulikuwa unatuandikia kwamba hata sabuni unakopa.

Yaya Deo, 18:52
Mjomba, sabuni nilikopa kweli. Mwaka 2007 nilikuwa nakaa Yeoville, watu sita katika chumba kimoja, Wakongomani watupu, na usiku nilikuwa nalinda magari huko Fourways, upande wa pili wa jiji. Ukumbi wa Teatro ndani ya jumba la burudani la Montecasino, wenye viti karibu 1,900, ulikuwa ndiyo kwanza umefunguliwa, na onyesho lililoufungua lilikuwa The Lion King, likichezwa na Waafrika Kusini. Watu walipokuwa wakirudi kuchukua magari yao usiku niliona jambo ambalo sikulizoea: watu wazima wenye tai walikuwa wakiimba huku wakipapasa mifuko kutafuta funguo. Mzee mmoja Mzungu alinipa randi ishirini, akaniuliza nimetoka wapi, na nilipomjibu Kongo akanyanyua mikono na kusema kwa furaha, «Hakuna matata!» Nilicheka kwa adabu. Alidhani ni neno la mchezo, kumbe sisi Lubumbashi matata tunayataja kila asubuhi kabla ya chai: matata ya maji, matata ya umeme, matata ya mwenye nyumba. Usiku ule niliamua kwamba Mama akija kununua nguo zake za biashara, ataingia ndani ya ukumbi ule kabla hajafunga furushi hata moja. Nilikusanya kwa miezi minne.

Mjomba, 18:55
Sasa nimeelewa ile sabuni.

Yaya Solange, 19:14
Safari yenyewe sitaisimulia, kwa sababu Kasumbalesa, Lusaka, Chirundu, Harare na Beitbridge kwa basi zinahitaji kikundi chake. Naanza mlangoni. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu, kile cha rangi ya machungwa, na viatu vilivyokuwa vinambana. Montecasino imejengwa kwa mfano wa mji wa Italia, na juu ya vichochoro vyake kuna dari lililochorwa mbingu na mawingu. Tulikuwa tumetoka nje gizani, kwa hiyo Mama alisimama katikati ya njia na kuniuliza mbona kumekucha tena.

Taa zilipozimwa, mwanamke mmoja alijitokeza peke yake jukwaani, uso umechorwa rangi, akapaza sauti kwa Kizulu. Naiita sauti kwa sababu haikuwa imekuwa wimbo bado. Ulikuwa mwito, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Maneno yake ni machache na yanatangaza tu kwamba simba anakuja. Wengine wakamwitikia kutoka pembeni mwa ukumbi, na kabla hatujajua tugeukie wapi wanyama walikuwa wanapita katikati ya viti. Tembo alipita karibu nasi kiasi kwamba nilisikia kitambaa chake kikikwaruza kiti cha Mama. Ndipo Mama aliposimama.

Yaya Deo, 19:17
Mama hakusimama. Aliushika mkono wangu kwa nguvu, nami bado ninakumbuka pete yake ilivyonikata.

Yaya Solange, 19:18
Alisimama, Yaya. Mtu wa nyuma alimwomba aketi.

Mujinga, 19:21
Na tembo huyo alikuwa na watu wangapi ndani?

Yaya Deo, 19:24
Wanne, kila mmoja ndani ya mguu wake. Huyo ndiye mnyama pekee ambaye sikuona mtu wake vizuri. Wengine wote, hata swala wanaoruka juu ya kigari cha magurudumu, unamwona anayewasukuma. Kuna mahali wachezaji wanaingia wamebeba majani vichwani, mraba wa majani kwa kila mmoja, nao wanapopangana mbuga nzima inatembea. Mama aliniambia pale pale kwamba ametoka Kongo kwa basi kuja kulipa fedha ili aone wanawake wakibeba majani kichwani.

Mjomba, 19:30
Yaya wangu hajabadilika. Ninavyokumbuka mimi, katika filamu ya katuni ya mwaka 1994 yule Rafiki alikuwa nyani dume. Solange anasema ni mwanamke aliyeita. Ni yule yule?

Yaya Deo, 19:47
Ni yule yule, Mjomba, ila jukwaani amekuwa mganga mwanamke. Aliyemgeuza ni Julie Taymor, Mmarekani aliyeongoza onyesho na kulifikisha Broadway, New York, mwezi wa Novemba 1997. Mwaka uliofuata alikuwa mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Tony ya kuongoza onyesho la muziki. Aliona kwamba hadithi ile ilikuwa imewapa wanawake nafasi finyu. Vinyago pia alivibuni yeye, pamoja na fundi wa vikaragosi Michael Curry, na alipokuwa kijana aliwahi kuishi Indonesia, ambako vinyago na vikaragosi ni kazi ya heshima. Uamuzi wake mkubwa, kwa maoni yangu, ni kukataa kumficha mchezaji. Kinyago cha Mufasa, simba mfalme, na kile cha Scar, ndugu yake mwovu, hukaa juu ya kipaji cha uso. Simba akighadhabika hushuka mbele, akitulia hurudi juu, na wakati wote unaona macho ya mtu.

Watu husifu nyimbo za Elton John na Tim Rice, nazo ni nzuri, lakini sidhani kama Mama anakumbuka hata mmoja. Alichokibeba hadi Lubumbashi ni kwaya, na kwaya hiyo ni mkono wa Lebo M., mtoto wa Soweto aliyeishi uhamishoni Marekani. Hata ule mwito wa mwanzo katika filamu ni sauti yake.

Yaya Solange, 20:02
Lipo jambo moja ambalo Yaya Deo hakuliona kwa sababu alikuwa ameinamia simu. Fisi mmoja alipotajwa kwa jina la Shenzi, Mama alicheka kwa sauti, peke yake katika ukumbi mzima, mpaka watu wakageuka. Mkumbuke kwamba alifundisha Kiswahili shule ya msingi miaka ishirini na sita. Hata jina la yule ngiri, Pumbaa, alikuwa ameshatufafanulia kwamba ni kitenzi. Baada ya kicheko akanyamaza. Wakati wa mapumziko alituambia kwamba Kambo wetu wa Kasaji, yaani babu, aliitwa «musenji», mshenzi, na bosi wake miaka yote aliyofanya kazi relini, na kwamba hakutegemea kulikuta neno lile limepewa fisi, na watu wakilipia kulisikia.

Mjomba, 20:05
Ni kweli. Baba yetu alikuwa akilitamka neno hilo nyumbani kwa sauti ya bosi, kutuchekesha.

Mujinga, 20:09
Nimefurahi kuyasikia haya yote, lakini swali langu la kinyago bado liko palepale. Nitoboe macho tu, au niache uso mzima wazi?

Yaya Solange, 20:41
Samahani, umeme ulikatika. Nimemsomea Mama ujumbe wenu wote kwa mwanga wa simu. Miwani yake imevunjika, kwa hiyo anasema nami naandika, bila kuongeza neno:

«Wanangu, kwanza sikusimama, na mkono wa Deo sikuushika. Niliinua miguu yangu juu ya kiti. Aliyeniomba niketi vizuri alikuwa na haki.

Mimi nilizaliwa Kasaji. Nilipokuwa na miaka tisa au kumi, wavulana wakiwa mukanda, yaani jandoni, makishi, wale wenye vinyago, walikuwa wakitoka porini na kuingia kijijini. Sisi wasichana tulikimbilia ndani na kuchungulia kwenye nyufa za mlango. Tuliambiwa kwamba wale ni wafu waliorudi, na msichana atakayesema kwamba ndani yake kuna mtu anawaletea wazazi wake balaa. Siku moja mmoja wao alijikwaa mbele ya nyumba ya shangazi yangu. Kamba ya mguuni ililegea, vazi likapanda, nami nikaona kisigino. Kilikuwa na ufa mrefu na kovu la jembe pembeni. Nilikijua kisigino kile, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikikipaka mafuta ya mawese kila jioni wakati wa kiangazi. Kilikuwa cha kaka yangu. Sikumwambia mama, sikumwambia shangazi, na kaka mwenyewe sikumwambia.

Pale Johannesburg, yule mfalme alipoingia na kinyago chake juu na uso wake chini, niliogopa kuliko nilivyomwogopa tembo. Nilidhani kimeteleza kwa bahati mbaya. Nilimwuliza Solange mbona hawaji kumfunika. Kisha nikaona kinashuka na kupanda, kinashuka na kupanda, na watu wote mle ndani, pamoja na watoto wa kike wadogo, wanamwona mtu waziwazi na bado wanamwogopa simba. Hakuna aliyekimbia. Hapo ndipo nilipoteremsha miguu yangu.

Solange anapenda kusema nililia wakati simba majike walipomwombolezea mfalme, wakivuta utepe mweupe kutoka machoni mwao, polepole, mpaka ukafika chini. Nililia, sikatai. Lakini nilikuwa namlilia mwenye kisigino, aliyefia Kolwezi katika vita vya mwaka 1978, ambaye sikumzika.»

Yaya Deo, 20:50
Mama, tuliketi pamoja usiku ule, nami nikadhani nimekununulia burudani.

Yaya Solange, 20:52
Anasema ulimnunulia burudani pia, na kwamba viatu vile alivitupa Musina wakati wa kurudi.

Mjomba, 20:58
Yaya, umenifanya nisukume sahani ya bukari pembeni. Kisigino hicho ninakikumbuka. Kuhusu mengine, mimi niliyepita mukanda sitajibu kikundini, nawe unajua kwa nini. Nitakuja Kamalondo Jumapili.

Yaya Solange, 21:00
Anasema uje na samaki.

Mujinga, 21:07
Mama, nimesoma mara mbili, na Keren amenisikiliza. Anauliza kama twiga naye anaweza kuvuta utepe machoni. Nimemwambia kwamba katika mchezo wao hakuna anayekufa.

Yaya Solange, 21:10
Mama anasema: shingo ndefu, masikio mawili, madoa ya rangi ya kahawa, na uso wa mtoto usifunikwe hata kidogo.

Mujinga, 21:13
Nimekubali, ila kuna shida. Karatasi ya shule imeandika wazi kwamba kinyago kifunike uso wote, na mwalimu ni mkali.

Yaya Solange, 21:19
Mama anauliza mwalimu huyo anaitwa nani na ana umri gani, kwa sababu huenda alimfundisha.