Les Revenants: hivi hii tamthilia ya Kifaransa inachangamka lini?

MzeeWaSizoni:
Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa yangu kazini kanisifia hii Les Revenants ya chaneli ya Canal+ mpaka nikaona bora niitafute, jana usiku nimemaliza episodi ya pili na kusema ukweli sijaona alichokuwa anasifia. Niliambiwa ni ya wafu kurudi, mi nikajiandaa kwa mazombi, damu, watu wanakimbizana, kumbe maiti yenyewe inarudi nyumbani inafungua friji inajitengenezea sandwichi 😂 Afu kimya. Watu wanaangaliana, kamera inaonyesha mlima, bwawa, barabara tupu, muziki ule wa chinichini, basi. Sisemi ni mbaya, picha kali na waigizaji wanajua kazi, ila nasinzia. Mliomaliza sizoni zote 2 nisaidieni, inachangamka mbele au ndo mwendo huohuo? Na nyie mnaiangaliaje mpaka mnaipenda? Msinimalizie uhondo tafadhali.

Binti_Kisauni:
Haichangamki ng'o kaka yangu. Mwendo ni huohuo episodi zote 8 za sizoni ya kwanza, kama unasubiri mbio bora uache mapema.

Lakini hiyo ya sandwichi unayoicheka irudie, mi naona utamu wote uko pale. Camille amekufa kwenye ajali ya basi la shule miaka 4 nyuma na mwenyewe hajui, kwake yeye kazinduka tu huko mlimani, kafika nyumbani ana njaa na anashangaa kimetokea nini. Mama yake, Claire, anashuka anamkuta jikoni. Sasa muangalie mama, usimuangalie mtoto. Hapigi kelele, hamrukii, anajikaza anamjibu hivyohivyo huku sura inasema yote, yaani anaogopa hata kukohoa asije mtoto akapotea tena. Kwingine wangekupa sekunde 10 na kinanda cha kutisha wakaendelea. Hapa wanakuacha mle jikoni na wewe unakosa pumzi.

Afu Camille na Léna ni mapacha. Aliyekufa karudi na miaka yake 15, aliyebaki sasa ana 19, anakunywa, anatoka na wavulana. Nani mkubwa hapo? Hilo huwezi kulimaliza kwa kumpiga mtu shoka la kichwa, linataka muda, watu wakae meza moja wale, mtu aambiwe chumba chako si chako tena. Wale wafu wenyewe hawana neno, wana njaa na usingizi hawapati, shida wanayo walio hai ambao walishazoea kuishi bila wao. Simon naye alikufa siku ya harusi yake, anarudi baada ya miaka 10 anamtafuta Adèle wake, na Adèle yuko mbioni kuolewa na afande. Ungekuwa wewe ndo Adèle ungefungua mlango?

FundiSauti:
Mkuu vaa hedifoni. Hilo tu. Huo "muziki wa chinichini" ni wa Mogwai, jamaa wa Glasgow huko Uskochi, na walianza kuutunga kabla upigaji picha haujaisha, ndo maana unaona haukubandikwa juu ya picha kama stempu. Kwenye spika za laptop nusu yake husikii, lazima usinzie.

Kingine, karibu kila episodi ya sizoni ya kwanza ina jina la mtu (ya kwanza Camille, ya pili Simon) na inaanza na kipande cha zamani kumhusu. Ukiwa umeshika simu hapo mwanzo umekwisha, utabaki unauliza huyu nani.

Na usije ukatafuta iliyotafsiriwa na dijei. Nawapenda sana wale jamaa kwenye muvi za ngumi, ila akianza kuongea juu ya ule ukimya imeisha hiyo.

Mukongomani_wa_Lyon:
Niongeze kuhusu bwawa. Mji wa kwenye tamthilia hauna jina, sehemu kubwa walipigia Annecy na vitongoji vyake, lakini lile bwawa ni la Tignes, huko juu kabisa milimani karibu na Italia, ukuta wake una mita 180. Mwaka 1952 kuna kijiji kizima kilizamishwa pale ili watu wapate umeme. Wenyeji waligoma kuhama, polisi wakaletwa, nyumba na kanisa zikabomolewa, hata makaburi yalifukuliwa marehemu wakahamishiwa kwingine. Sasa mtu anayejua hiyo habari akiona maji ya bwawa yanapungua na mafundi hawajui yanakwenda wapi, hawezi kusema hakuna kinachotokea. Huku Ufaransa wazee wengi hawajasahau.

Asiyekubali:
Mi nitawapinga kidogo. Sizoni ya kwanza, ile ya 2012, sina neno, mtunzi wake Fabrice Gobert kaitendea haki na ile tuzo ya Emmy ya kimataifa ya 2013 walistahili. Ila kuna kwenda taratibu ili kukujengea hofu na kuna kwenda taratibu ili kukwepa maswali, na sizoni ya pili kwangu ni hiyo ya kukwepa. Imetoka 2015, hadithi inasema imepita miezi 6 tu, wakati mtoto anayecheza Victor keshakua unamuona kabisa. Maswali wanarundika, majibu wanachungulisha. Ushauri wangu maliza 8 za kwanza, upumzike, ya pili uiangalie ukitaka. Na ile waliyoirudia Wamarekani 2015 achana nayo, ilifutwa baada ya sizoni moja.

Binti_Kisauni:
@Asiyekubali sasa wewe unataka uambiwe wafu wamerudi kwanini, na vyeti? Mi sizoni ya pili niliipenda hivyohivyo na ukungu wake.

MzeeWaSizoni:
Haya wakuu, nimetafuta hedifoni, nimerudia ile ya jikoni, nikaunganisha na ya tatu ile ya Julie. Sijasinzia. Huyo mama dah, kweli nilikuwa namuangalia mtoto. Sasa swali, Julie anamlaza kwake mtoto asiyemjua, na huyo Victor mbona anaangalia watu vile??

FundiSauti:
Ya nne ina jina lake. Zima simu.