Mjadala: Awamu 903 zinatosha kumwingiza mrushaji kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli?

Wakuu, tangu Billy Wagner alipochaguliwa Januari 2025 kuingia Ukumbi wa Mashujaa kule Cooperstown, New York, kuna maneno yanayorudi kila akitajwa: eti waandishi wa besiboli wanaopiga kura walimwonea huruma kwa sababu ulikuwa mwaka wake wa 10, yaani wa mwisho, kupigiwa kura. Napinga moja kwa moja, na wenye mawazo tofauti waje tujadiliane.

Kwa wasiofuatilia sana: Wagner alikuwa mrushaji wa akiba (mrushaji ndiye anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani) anayetumia mkono wa kushoto. Kazi yake ilikuwa kuingia mwishoni, mara nyingi awamu ya 9 (awamu ni zamu ya kila timu kupiga, na mechi ya kawaida ina 9), timu ikiongoza kwa pointi chache, na kuhakikisha ushindi hauponyoki. Alifanya hivyo mara 422, kuanzia timu ya Houston Astros hadi Atlanta Braves. Kijana huyu wa milimani Virginia alizaliwa anatumia mkono wa kulia. Akauvunja mara mbili utotoni, akajifunza kurusha kwa kushoto. Kwa mkono huo wa kujifunza, na kimo cha futi 5 na inchi 10 tu, alifikisha maili 100 kwa saa.

Hoja kubwa ya wapinzani ni hii: miaka 16, awamu 903 tu. CC Sabathia, aliyechaguliwa siku ileile, alirusha zaidi ya 3,500. Sawa, hesabu haidanganyi. Lakini Sabathia alikuwa mrushaji wa kuanza mechi, na hizo ni kazi mbili tofauti. Wagner apimwe na wenzake wa kazi yake. Trevor Hoffman aliingia 2018 akiwa na ushindi 601 aliolinda na awamu 1,089, na kwa kila awamu 9 aliruhusu wastani wa pointi 2.87. Wagner? 2.31, na hapo namba ndogo ndiyo bora. Aliwatoa kwa straiki, yaani mirusho mitatu waliyoshindwa kuipiga, wapigaji 1,196, karibu 12 kwa kila awamu 9. Kama Hoffman anastahili, na mimi naamini anastahili, mlango huo huo unamtosha Wagner.

Hoja inayoniumiza kichwa ni ya mechi za mtoano. Hapo sina pa kujificha: awamu kama 12 kwa jumla, wastani wa pointi 10.03. Oktoba 2006, mechi ya 2 ya fainali ya Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili kuu za besiboli Marekani: New York Mets, timu ya Wagner wakati huo, na St. Louis Cardinals wako 6-6 pale Shea Stadium, uwanja wa Mets. Wagner anaingia awamu ya 9, anakutana na So Taguchi, mchezaji wa akiba ambaye hakuwa tishio kwa mipira mirefu ya kuvuka uzio. Taguchi anang'ang'ana, anaipiga nje ya mistari mipira migumu mmoja baada ya mwingine, kisha wa 9 anautuma jukwaani. Cardinals wakashinda 9-6, na mwisho wa yote wakawatoa Mets kwa mechi 4-3. Shabiki wa Mets asiyesahau usiku ule simlaumu hata kidogo. Ila awamu 12 mbele ya 903? Kumhukumu mtu kwa hizo na kuzifuta nyingine zote, hapana, siafiki.

Na hiyo habari ya huruma. Mwaka 2016 alianza na 10.5%. Akapanda taratibu, hadi 2024 akakosa kura 5 tu kufikia 75% inayotakiwa. Mwaka uliofuata akapata 82.5%. Huruma gani hiyo inayochukua miaka 10? Watu walikuwa wanabadili mawazo kadiri walivyozidi kuzichambua takwimu. Tena alistaafu 2010 akiwa bado moto, wastani wa 1.43, akarudi kwa familia yake. Angebaki miaka mingine mitatu akirusha kawaida tu, awamu zingeongezeka na hawa wanaolalamika leo wangenyamaza, ingawa asingekuwa bora zaidi.

Sasa swali langu kwa mnaoshikilia awamu. John Franco, naye wa kushoto, naye wa akiba, alilinda ushindi mara 424 na kurusha awamu zaidi ya 1,200. Mwaka 2011 alipata 4.6% akaondolewa kwenye kura mwaka wake wa kwanza. Kwa kipimo chenu Franco yuko juu ya Wagner. Mimi, kwa wastani wake wa 2.89, nisingempa kura. Nyinyi mngempa?