Naomba ushauri: takwimu za mishahara zinazowaficha wanawake weusi

Wakuu, naomba msaada wa uchambuzi. Kesi ya DeGraffenreid dhidi ya General Motors, Marekani, 1976, inaonyesha hatari yenyewe. Kampuni haikuajiri wanawake weusi kabla ya 1964. Ilipopunguza wafanyakazi kwa kuanza na wageni kazini, wanawake weusi walioajiriwa baada ya 1970 wote waliondolewa. Mahakama ilikataa kuunganisha madai yao ya ubaguzi wa jinsia na wa rangi, kwa kuwa wanawake (weupe) walikuwa wameajiriwa zamani. Kimberlé Crenshaw, mwanazuoni wa sheria wa Marekani, alilichambua pengo hilo mwaka 1989, na bado majedwali mengi yanalirudia.

Kwenye data za mishahara natenga makundi manne, jinsia kwa rangi. Kuweka vigezo hivyo viwili kwenye hesabu bila kigezo cha tatu kinachovizidisha (jinsia mara rangi, kinachoonyesha athari ya kuwa vyote viwili kwa pamoja) ni kurudia kosa la mahakama ile. Sasa, kundi la wanawake weusi likibaki na watu 6, mshahara mmoja mkubwa unavuruga wastani, na wahusika wanatambulika. Kuwachanganya na wanawake wote sikubali, maana kunawafuta kabisa. Je, niunganishe data za miaka 3 na kutumia mediani (mshahara wa katikati), au niongeze mahojiano? Na nikidhibiti cheo (yaani nikilinganisha watu wa cheo kimoja tu), je, sitakuwa nimeuficha ubaguzi wa kupandishwa vyeo?