Savannah hadi kisiwa cha Cumberland: njia ya ndani au baharini?

Mgeni_wa_Maji: Wakuu, tuna boti ya tanga ya futi 32, inazama majini futi 5. Tunashuka kutoka mji wa Savannah kwenda kisiwa cha Cumberland, jimbo la Georgia, Marekani. Mke wangu anataka njia ya ndani, ile Intracoastal Waterway inayopita nyuma ya visiwa vya pwani, aone vinamasi na ndege. Mimi naona tutoke nje, tutweke tanga, asubuhi tumefika. Au tuiache boti tupande feri ya kwenda kisiwani kutoka mji wa St. Marys?

Nahodha_Mstaafu: Nimepita kote kuwili. Ndani ni zaidi ya maili 100 za kujipinda, na injini itanguruma karibu muda wote. Shughuli yenyewe ni kina. Pwani ya Georgia maji hupanda na kushuka futi 6 hadi 9, na kuna sehemu zenye sifa mbaya: Hell Gate, Little Mud River, Jekyll Creek. Pita humo maji yakijaa. Ukigusa tope wakati huo, yatakunyanyua mwenyewe.

Mimi nilijitia ujuaji, nikaingia Little Mud River saa mbili asubuhi maji yakipwa. Tukapwelewa. Kufika saa nne boti imelala ubavu, sufuria imeteleza hadi ukutani, tumekaa juu ya kabati badala ya kiti, na visubi wametufuata ndani. Tulitoka jioni.

BintiTanga: Mzee umemtisha mwenzio, ingawa ni kweli tupu. Kwa futi 5 ningetoka nje, mradi upepo uwe upande wako. Mlango wa St. Marys, wa kuingilia kutoka baharini kusini mwa Cumberland, ni wa kina, umechimbwa kwa ajili ya nyambizi za kambi ya jeshi la majini ya Kings Bay, kwa hiyo huhitaji kusubiri maji kujaa. Ukiona nyambizi na boti zake za ulinzi, kaa mbali. Ila upepo wa mashariki ukikutana na maji yanayotoka, mawimbi mlangoni husimama wima. Hapo bora usubiri nje saa kadhaa.

St. Andrew Sound, mlango mpana ulio kaskazini mwa Cumberland, usijaribu kuuingilia kutoka baharini, ni mafungu ya mchanga matupu. Hata wa njia ya ndani hulazimika kusogea pale karibu na bahari wazi, na watu hutapika.

Mpanda_Feri: Sina boti, nasema nilichoona. Feri ni kama dakika 45. Ukiikosa ya mwisho, utakodi boti kwa fedha yako. Kisiwa kina urefu wa maili 17 na ushee, hakina daraja wala duka, maji na chakula unabeba na taka unarudi nazo. Kwa miguu utaishia kusini: ufuo, mialoni yenye nyuzi za kijivu kama ndevu, na magofu ya Dungeness, jumba lililoungua 1959. Pale farasi mwitu alitokea nyuma ya ukuta akausogelea mkoba wangu wenye matofaa. Aliyerudi nyuma ni mimi.

BintiTanga: Ndiyo maana boti yako inafaa. Unatia nanga upande wa magharibi, unashuka na kidau, na feri ikiondoka unabaki na utulivu wote. Plum Orchard, jumba jingine la kale, iko mbali kaskazini, wa feri wengi hawaifikii kwa miguu. Mnyororo wa nanga upimie maji yakijaa: futi 10 za kupwa huwa 17, na mkondo hugeuka mara nne kwa siku.

Mgeni_wa_Maji: Mke wangu kasoma yote. Tunashuka kwa nje, tunarudi kwa ndani. Mzee, nipe basi saa zako za Little Mud River.

Nahodha_Mstaafu: Tazama jedwali la maji la siku yako, kijana. Saa zangu ndizo zilizonikwamisha.