Mzee kapata kiharusi Tabora, bro anataka aweke dole kwenye "pawa ofu atoni". Tufanyeje?

BintiIsevya:
Wakuu habari za asubuhi, naombeni ushauri maana tangu jana silali. Baba yangu ana miaka 78 yuko Tabora mjini, Isevya, mwezi wa tatu alipata kiharusi, mkono wa kulia umekufa na mguu anaburuza ila akili iko fiti kabisa, juzi kanipigia kunidai elfu ishirini niliyomkopa kabla ya Idi ndo mjue. Ana nyumba ya vyumba sita vya kupangisha ina hati, ana shamba Sikonge la kimila, na pensheni inaingia benki. Mama yetu alishafariki, anaishi na mamdogo, mke wake wa sasa.

Sasa kaka yetu mkubwa kaja na karatasi kachapisha stationari, imeandikwa "namkabidhi mwanangu mali zangu zote azisimamie na kuziuza itakapobidi", anataka mzee abonyeze dole gumba, anasema hiyo ni pawa ofu atoni na mzee akiondoka hatutahangaika na mambo ya mirathi mahakamani. Mimi niko Dar, wadogo zangu wako Mwanza, hatujashirikishwa. Simtuhumu bro, yeye ndo anampeleka mzee kliniki Kitete na boda boda yake mwenyewe, mafuta yake. Ila hilo neno KUZIUZA limenitoa usingizi. Nikimuuliza mzee ananiambia "kwani mnataka nife?" anakata simu.

Kisamvu_Karanga:
Siku hizi stationari ndo mahakama kuu 😂 zuia hilo dole kwanza mengine baadae.

KaraniMstaafu:
Dada pole kwa mzee. Nimekaa masijala ya mahakama miaka mingi huku huku Unyamwezini, hiyo karatasi nimeiona mara mia.

Bro wako kachanganya vitu viwili. Hati ya uwakilishi, ndo hiyo pawa ofu atoni, inafanya kazi mzee akiwa hai na akili zake timamu. Siku akifa, imekufa nae saa hiyo hiyo, hata kama wino haujakauka. Kwahiyo hilo la kukwepa mirathi halipo, mkishazika mtakaa kikao cha ukoo mtachagua msimamizi na mtaenda mahakamani kama watu wengine. Na yule anayeendelea kutoa hela kwa kadi ya marehemu eti "nina pawa" anajitafutia kesi na ndugu zake.

Ila wazo la bro sio baya, mzee kweli anahitaji mtu wa kumfuatilia mambo. Kaeni na wakili aandike hati inayotaja kazi moja moja, kukusanya kodi, kulipa matibabu, kumwakilisha ofisi ya ardhi, na iandikwe wazi kwamba kuuza HAPANA. Mnaweza kuweka wawili, bro na wewe, mmoja asifanye kitu peke yake. Mkono haufanyi kazi sio tatizo, dole gumba linakubalika ila asomewe hati yote kwa lugha anayoielewa na iandikwe humo humo kwamba kasomewa kaelewa, mbele ya kamishna wa viapo sio mbele ya bro. Na mimi ningeongeza barua ya daktari kwamba siku hiyo akili yake ilikuwa sawa, maana kesi nyingi huanzia hapo, "mzee alikuwa hajitambui".

Nyumba ina hati, kwahiyo uwakilishi unaohusu hiyo nyumba usajiliwe kwa Msajili wa Hati. Na hata bro angekuwa na pawa ya kuuza, nyumba anayoishi mzee na mamdogo wako ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mke. Watu huwa wanamsahau mama wa kambo kwenye hivi vikao, alafu ndo anakuja kusimamisha kila kitu. Na mzee akibadili mawazo anaifuta hiyo hati ya uwakilishi muda wowote akiwa na akili zake.

MuhaWaUjiji:
Karani kasema kweli, ngoja niwape yangu. Bi mkubwa wetu hapa Kigoma alianza kusahau taratibu, mara kaweka ufunguo kwenye ndoo ya mawese, mara ananiita kwa jina la marehemu baba, sie tukawa tunacheka. Tulikuja kushtuka hajui hata watoto wake ni wangapi. Hapo ndo tukakimbilia kwa wakili kutaka hati ya uwakilishi, akambana bi mkubwa maswali mawili matatu akaifunga kalamu yake, akasema huyu hawezi tena kumpa mtu mamlaka kwasababu hajui anachokitoa. Na hata tungekuwa nayo ya zamani isingetusaidia, kwa sheria yetu mtoa mamlaka akipoteza akili uwakilishi unakoma, tofauti na Uingereza ambako ipo ya kuendelea hata akili ikiondoka. Benki nao wakagoma. Ikabidi tuombe mahakama imteue msimamizi wa mali zake chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, ripoti za daktari, viapo, nenda rudi, na katikati ya hiyo nenda rudi dawa tunachangishana kwenye grupu wakati hela zake mwenyewe zimelala benki. Shemeji yangu hadi leo ananidai mchango wa mwezi wa saba.

Kwahiyo dada kama mzee bado anakudai elfu ishirini, huo ndo muda wenyewe.

UstadhMwanga:
Asalaam aleykum. Kuhusu baada ya kifo, hiyo ni kazi ya wosia, karatasi tofauti kabisa. Kama mzee ni Muislamu ajue wasia hauzidi theluthi moja na haumwendei mrithi mpaka warithi wengine waridhie, kwahiyo "naacha nyumba yote kwa mkubwa" haisimami. Kama mambo yake ni ya kimila, kuna Tangazo la Serikali 436 la 1963, wosia wa maandishi unataka mashahidi wawili kama anajua kusoma na kuandika, asiyejua wanne, nusu ndugu nusu watu baki, na mke aliyepo nyumbani nae ashuhudie. Anaweza kuuhifadhi RITA, ule wakala wa serikali wa usajili, au kwa wakili. Asiuweke chini ya godoro jamani.

BintiIsevya:
Asanteni sana wakuu, nimempigia mamdogo kumbe hata yeye hiyo karatasi hajaiona, kalia kwenye simu. Bro nimemwambia nitakuja tukae wote, kanuna ila kakubali baada ya kusikia nae atakuwemo kwenye hati. Mzee sijamwambia wosia, nimemwambia ni karatasi ya kukusanya kodi kwa wapangaji wasumbufu, kafurahi kweli kweli, eti kuna mmoja ana miezi minne. Nakata tiketi ya basi Ijumaa. Swali la mwisho, wakili anaweza kuja nyumbani? Mzee kumpandisha kwenye boda ni shughuli.

KaraniMstaafu:
Anakuja, wengi wanaenda hadi wodini. Ongea nae bei kabla. Na siku hiyo bro akae nje wakati mzee anasomewa, na wewe pia.

Kisamvu_Karanga:
Na ile elfu ishirini uende nayo 😂