Kigoma mjini: maduka gani ya wenyeji yana bei nzuri?

MgeniMwanga:
Wakuu habari za jioni. Nimehamia Kigoma kikazi, nimepanga hapa Mwanga. Naomba maelekezo ya maduka ya wenyeji ambapo mtu anapata vitu kwa bei ya kueleweka. Nataka vyombo vya jikoni, dagaa na mawese, halafu vitenge vya kumtumia mama na mashangazi. Maduka nayaona kibao ila nikifungua mdomo tu wanajua mi mgeni na bei inapaa.

KakaGungu:
Karibu sana mkuu. Sufuria, ndoo, mashuka, hivyo vinatoka Dar na huku ndo mwisho wa reli, nauli imo kwenye bei, kwa hiyo punguzo kubwa usitegemee. Zunguka maduka ya jumla pale soko la Mwanga, ulizia matatu manne kabla hujatoa hela, na ukichukua vitu vingi duka moja mwenye duka anakufanyia bei ya jumla hata kama dazeni hujafikisha. Ila dagaa, mawese, chumvi ya Uvinza, maharage ya Kasulu, hapo umefika kwao kabisa, ya nini ununue ya kwenye pakiti?

MamaKibirizi:
Mwanangu dagaa usinunue bila kuangalia mwezi. Wavuvi wanaenda usiku na taa, sasa mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, mzigo unakuwa kidogo na bei inapanda, we njoo mwaloni Kibirizi au shuka wa Katonga siku za giza. Na ukisikia ziwa linafungwa watu wasivue kama ile 2024, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, weka akiba mapema. Halafu chota mkononi usugue, dagaa wa kuanikwa kwenye chanja kiganja kinabaki safi, wa kuanikwa mchangani anakuachia mchanga mpaka kwenye kucha, huyo bei yake iwe chini na usikubali kuuziwa kwa bei ya chanja.

BintiUjiji:
Kwenye vitenge kaka geuza upande wa nyuma. Kitenge cha wax kikiwa kizuri rangi imekolea pande zote mbili, ukikuta nyuma pamepauka hiyo imechapwa upande mmoja tu, ni ya bei ndogo hata wakikwambia imetoka Kongo. Kikunjue upime yadi zitimie sita. Na nenda asubuhi wanapofungua, mteja wa kwanza hawapendi aondoke mikono mitupu, salimia vizuri, kaa, uliza na habari za nyumbani, ndo mpatane. Lafudhi isikutie hofu, ukirudi duka lile lile watakuzoea na vikiingia vipya wanakupigia simu.

MgeniMwanga:
Asanteni sana wakuu, vitenge nafuata Jumamosi asubuhi. Mama shikamoo, na mawese mazuri nayajuaje?

MamaKibirizi:
Marahaba mwanangu. Nusa kwanza, yaliyokaa sana yana harufu kali inayokwaruza koo. Dumu liache litulie uangalie chini, maji yakiwemo yanajitenga yanakaa chini, hayo usichukue hata ubembelezwe vipi. Mwambie akuuzie chupa moja ukapikie maharage, ukiyapenda ndo urudi kwa huyo huyo uchukue dumu, na dumu tupu nenda nalo mwenyewe maana ukikosa la kwako anakuuzia na la kwake.